Mtoto anajua sayansi au anajua majibu? Tunapimaje KUTUMIA na KUTATHMINI maarifa

#1 Maalim_Ubao
Assalaam aleikum wanajukwaa.

Naleta hoja, mnisahihishe nikikosea. Maswali mengi tunayoyaandikia "kutumia" au "kutathmini" kwenye jedwali la mgawanyo wa mtihani hayapimi hivyo vitu. Yanapima kukariri, yamebadilishwa kanzu tu.

Chukueni swali hili la kidato cha tatu: "Tathmini umuhimu wa mikoko katika pwani ya Zanzibar" (alama 10). Mtoto anatoa nukta tano za daftarini: mazalia ya samaki, kuzuia mmomonyoko, boriti, nyuki, watalii. Anapata 10. Amepima nini? Hakulinganisha kitu na kitu, hakukataa hoja yoyote. Kitenzi kimo kwenye swali, kazi yenyewe haimo.

La pili ni lile la nguo kukauka upesi siku ya upepo. Mara ya kwanza kuulizwa ni swali la kutumia maarifa. Likishatokea kwenye mitihani mitatu iliyopita na kila skuli imelifanyia mazoezi, linakuwa kama shairi la kuhifadhi. Na watoto wetu wana makabati mawili ya mitihani ya zamani: ya Baraza la Mitihani la Zanzibar kwa kidato cha pili na ya NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania) kwa kidato cha nne.

Bloom, yule aliyepanga ngazi za fikra, aliiweka tathmini daraja ya tano, chini ya kubuni. Sisi tunaiweka popote penye kitenzi chake. Nyinyi mnatofautishaje? Na mnasahihishaje bila kumpa alama aliyebahatisha?

#2 BintiKonde
Waaleikum salaam Maalim. Sahihisho kwanza. Bloom na wenzake, mwaka 1956, waliiweka tathmini juu kabisa, daraja ya sita. Mpangilio unaousema, tathmini ya tano na kubuni juu yake, ni wa Anderson na Krathwohl, 2001. Nalisema kwa sababu kamati ya kutunga ikiwa na mtu wa toleo la kwanza na mtu wa toleo la pili, wanagawa asilimia za mtihani mmoja kwa ngazi mbili tofauti.

Na hiyo ngazi inatupotosha kwa jambo jengine. Tunadhani tathmini lazima iwe ngumu. Swali hili: "Kipimajoto kimesoma nyuzi 140 za Selsiasi ndani ya maji yanayochemka kwenye sufuria isiyo na kifuniko, Wete. Utaukubali usomaji huo? Kwa nini?" Hiyo ni tathmini, na mtoto wa darasa la sita aliyeelewa kuchemka anaiweza. Kutumia kanuni kunaweza kuwa kugumu zaidi ya hapo. Daraja ya fikra ni kitu kimoja, uzito wa swali ni kitu chengine.

#3 MwaniJuu
Shukran kwa uzi. Mimi naamini dawa ni data ambayo mtoto hajaiona. Hili hapa swali, tarakimu zake nimezitunga kwa ajili ya mtihani, lichukueni:

*Mkulima amefunga vishada sita vya mwani aina ya cottonii kwa tai-tai (kamba ndogo za kufungia), kila kimoja gramu 50. Vitatu ameviweka maji mafupi yanayokauka bamvua (siku ambazo bahari hujaa na kukupwa sana), vitatu maji marefu yasiyokauka. Baada ya wiki 6 uzito ni: maji mafupi g 210, 190, 60, maji marefu g 240, 255, 235. Anasema: "Cottonii hukua zaidi maji marefu kwa sababu huko maji ni baridi."*
*(i) Vipimo vinaunga mkono nusu ya kwanza ya kauli yake? (alama 3)*
*(ii) Vinaunga mkono nusu ya pili? (alama 4)*
*(iii) Angeongeza kipimo gani, na angekifanyaje? (alama 3)*

Wastani wa maji mafupi ni 153.3, wa maji marefu 245. Mtego wa kwanza ni ile 60. Kishada kinaweza kuwa kimekatika au kimeliwa na samaki. Mtoto mzuri anauliza, halafu anajaribu kuiondoa: wastani unapanda hadi 200, na bado ni chini ya maji marefu. Kwa hiyo nusu ya kwanza inasimama, ila kwa nguvu ndogo, maana vishada ni vitatu vitatu tu.

Mtego wa pili ndio roho ya swali. Hakuna aliyepima joto. Baina ya sehemu mbili hizo kinachotofautiana ni mwanga, mkondo, samaki walao mwani na kukaukiwa na maji bamvua. "Kwa sababu" yake haina ushahidi.

Majibu mabovu yanakuja kwa sura tatu. Kuna anayemwaga usanisinuru wote tangu klorofili mpaka oksijeni bila kugusa tarakimu hata moja. Kuna anayesema "ndiyo" kwa sehemu zote mbili kwa kuwa wastani ni mkubwa. Na kuna anayeitupa 60 kimyakimya kwa kuwa haimpendezi. Huyu ni wa hatari kuliko wote, kwa sababu jibu lake linafanana na la aliyefikiri.

#4 KalamuNyekundu
MwaniJuu swali zuri, lakini swali zuri hufia kwenye mwongozo wa kusahihisha. Ukiandika "(ii) Hapana ✓✓, hakupima joto ✓✓", tayari umempa alama mbili mwenye kurusha shilingi.

Mimi ningegawa hivi sehemu ya (ii): "Hapana" peke yake, 0. "Hapana, joto halikupimwa", 2. Akitaja tofauti nyengine baina ya sehemu mbili NA akaonesha ingeletaje matokeo yaleyale (mfano: maji mafupi hukauka bamvua, mwani unakaa juani saa kadhaa, unadhoofika hata kama maji ya bahari ni baridi), 2 nyengine. Anayeandika "inawezekana, ila kwa vipimo hivi hatujui" apewe zote, kwa sababu ndivyo mwanasayansi angesema. Msahihishaji anayetafuta neno "hapana" atamkata huyu, na ndiye aliyejibu vizuri kupita wote.

Andikeni kwenye mwongozo majibu matatu ya mfano yaliyotoka kwa watoto wenyewe: la alama 0, la alama 2, la alama 4. Maelezo ya jumla kama "hoja yenye mantiki" kila mtu anayasoma anavyotaka.

#5 NdimuNaChumvi
MwaniJuu, hesabu: 240 + 255 + 235 = 730. Gawa kwa 3 ni 243.3, siyo 245. Rekebisha kabla watu hawajalinakili, maana mtoto atakayepata 243.3 atakosolewa na mwongozo.

Pia usiruhusu mtu abadilishe jina la mwani akidhani yote ni mamoja. Cottonii ni *Kappaphycus alvarezii*. Spinosum ni *Eucheuma denticulatum*. Cottonii ina bei zaidi lakini haistahamili maji ya moto ya ufukweni, matawi yanakuwa meupe na kukatika. Spinosum inavumilia zaidi. Ukiweka spinosum na tarakimu zilezile, mtoto wa Paje ataona swali linasema uongo.

#6 MwaniJuu
Ahsante sana, 243.3 ndiyo sahihi. Niliigawa 735.

#7 Bureti50
Nyote mnazungumzia karatasi ya nadharia. Ugonjwa uko kwenye vitendo. Mtihani wa maabara, ambao ndio ungepima kutumia, tumeugeuza kuwa dua ya kuhifadhi.

Taitresheni (kumwaga asidi kidogo kidogo kutoka bureti, mrija wenye vipimo, mpaka imalize alkali): mtoto anajua kabla hajagusa bureti kwamba namba tatu zinatakiwa zikaribiane ndani ya 0.1 au 0.2. Basi anapata 24.1 mara ya kwanza, halafu anaandika 24.0 na 24.1 bila kumwaga tone. Mwongozo unampa alama zote za "usahihi". Aliyefanya kweli akapata 24.1, 24.2 na 25.6 anaadhibiwa.

Geuzeni. Wapeni hizo 24.1, 24.2 na 25.6 kwenye karatasi (asidi iko kwenye bureti, alkali kwenye fleski, methili oranji) waulizeni: lipi kati ya makosa haya lingeweza kuleta 25.6?
- Fleski imesuuzwa kwa alkali badala ya maji. Ndiyo: inabaki alkali ya ziada, asidi inatakiwa nyingi.
- Fleski ina maji kidogo yaliyobaki baada ya kusuuzwa. Hapana: idadi ya alkali iliyotoka kwenye pipeti haibadiliki.
- Ncha ya bureti chini ya koki ilikuwa na kiputo cha hewa, kikatoka katikati ya kazi. Ndiyo: asidi ya kujaza ncha imehesabiwa kama imeingia kwenye fleski.
- Bureti imesuuzwa kwa maji tu. Hapa ndipo penye utamu. Asidi imepungua nguvu, usomaji unapanda, lakini ungepanda kwa namba zote za ujazo huo, siyo moja peke yake. Mtoto anayesema "ndiyo" bila ya kuona hilo amekariri kosa, hakulitumia.

Na chakula vilevile. Wanakariri "buluu ikawa nyekundu ya tofali". Wapeni sukari ya mezani na mchanganyiko wa Benedict (dawa ya buluu ya kupimia sukari): haibadiliki rangi, na nusu ya darasa wataandika nyekundu ya tofali kwa kuwa wameonja ni tamu. Mpaka uichemshe kwanza na asidi haidrokloriki hafifu, uizimue kwa sodiamu haidrojeni kaboneti mpaka povu liishe, ndipo Benedict ifanye kazi. Kisha wapeni maji ya dafu, yanabadilika moja kwa moja. Waulize tofauti imetoka wapi. Hapo utajua nani anaandika anachokiona na nani anaandika anachokitarajia.

#8 Sauti_ya_Mkoani
Bureti50 mkono wako hauachi koki, na leo umetufaa. Lakini mimi sebabu naiona kwengine: lugha.

Kwa Sera ya Elimu ya Zanzibar ya 2006 hesabu na sayansi zilipelekwa Kiingereza tangu darasa la tano. Swali la kukumbuka linahitaji neno moja: "osmosisi". Swali la kutathmini linahitaji sentensi zenye "ingawa", "isipokuwa", "iwapo". Mtoto ana wazo lakini hana daraja ya kulivusha. Kuna kitenzi cha Kiingereza cha mitihani chenye maana ya "toa sababu" ambacho ndani yake mna neno la hesabu za fedha. Watoto wakikiona wanaanza kukokotoa. Huyo hakushindwa sayansi.

Anayetaka kujua ajaribu: darasa la watoto 40, swali la mwani la #3, nusu kwa Kiingereza na nusu kwa Kiswahili, wenye namba witiri upande mmoja na shufwa upande mwengine. Kokotoeni alama za wastani (i) mbali na za hoja (ii) mbali. Kama kundi la Kiswahili linashinda kwenye (ii) tu na kwenye (i) wako sawa, basi mtihani wenu wa sayansi ni mtihani wa lugha.

#9 PenduloMoja
Nikubali kidogo na Bureti50 na nimkatae kidogo Sauti_ya_Mkoani. Kwenye fizikia kuna tathmini isiyohitaji sentensi ndefu, na bado wanaanguka.

Pendulo. Kila mtoto anachora T² (T ni muda wa bembea moja) dhidi ya urefu, mstari mnyoofu, anaandika g (mchapuko wa mvutano wa dunia) = 9.8 hata kama mteremko wake unatoa kitu chengine. Wape wanafunzi wawili wa kubuni:

Asha anaanza kuhesabu "moja" pale anapoachia kijiwe, anasimamisha saa akifika "ishirini". Kumbe zimepita bembea 19. Anagawa kwa 20. Kila T yake ni 0.95 ya kweli, T² ni 0.9025, g inatoka 9.8 ÷ 0.9025, yaani 10.86. Mstari wake ni mnyoofu na unapita sifuri.

Juma anahesabu vizuri ila anapima uzi mpaka juu ya kijiwe badala ya katikati yake. Mteremko wake ni sahihi, g yake ni 9.8, lakini mstari haupiti sifuri, unakata mhimili wa T² juu kidogo.

Swali: grafu ya nani inaonekana nzuri zaidi, na jibu la nani ni sahihi zaidi? Majibu yanakwenda "Asha, Asha", karibu kila mara. Wamefundishwa kwamba mstari unaopita sifuri ni cheti cha ukweli. Hapo Kiingereza hakina lawama, jibu ni majina mawili.

#10 BintiKonde
Mawili.

Sauti_ya_Mkoani, jaribio lako ni zuri lakini usigawe kwa namba za daftari la mahudhurio kama namba zilitolewa kwa alama za kuingilia au kwa kufuata madawati. Marafiki hukaa pamoja. Piga kura: vikaratasi 40 kwenye bakuli. Na kuna mtego mwengine: mtoto aliyefundishwa miaka minne kwa Kiingereza hajui "mvukizo" wala "kani". Ukimpa Kiswahili sanifu cha kamusi unaweza kumuumiza mara ya pili. Ongeza kundi la tatu: swali kwa Kiingereza, ruhusa ya kujibu kwa lugha yoyote au kuchanganya.

PenduloMoja, majina mawili tu ni bahati nasibu. Mwenye kubahatisha ana nafasi moja kati ya nne. Mlazimishe aweke alama kwenye grafu mahali panapomuonesha kosa la Juma.

#11 Ngambo_Mjini
Samahani wakubwa, naingia kati. Haya maswali ya mwani na bamvua yana haki? Mtoto wa Jambiani mama yake anafunga tai-tai kila bamvua. Mtoto wa Ng'ambo mwani anauona kwenye gunia. Mkimuuliza: "Maji yamekupwa saa 3:10 asubuhi leo, kesho yatakupwa saa ngapi?" wa Jambiani anajibu saa 4 kasoro au saa 4 kamili bila fizikia yoyote, maana anajua yanachelewa kama dakika 50 kila siku. Amepimwa sayansi au amepimwa kijiji?

#12 MwaniJuu
Ngambo_Mjini hoja yako ni ya kweli na haina jibu jepesi. Ninachofanya ni kuweka kila taarifa ya mazingira ndani ya swali lenyewe: bamvua ni nini, tai-tai ni nini, dakika 50 zinatoka wapi. Halafu nauliza kitu ambacho uzoefu peke yake haukijibu. Kwa mfano: "Kwa nini ni dakika 50 hivi na si 0?" Hapo lazima aseme mwezi nao unasogea kwenye njia yake, dunia inahitaji kuzunguka kidogo zaidi kuufikia. Saa 24 gawa kwa siku 29.5 ni kama dakika 49. Wa Jambiani na wa Ng'ambo wanaanza mstari mmoja.

#13 Sauti_ya_Mkoani
Lakini ukijaza kila kitu ndani ya swali, swali linakuwa mistari 15, kwa Kiingereza. Tumerudi kwangu.

#14 KalamuNyekundu
Mistari minane, nukta. Zaidi ya hapo unapima kasi ya kusoma. Na mhesabie mtoto dakika 12 mpaka 15 kwa swali kama la #3. La kukumbuka lenye alama hizohizo linakula 6. Watungaji wanasahau kufidia, mtoto anaacha ukurasa wa mwisho mtupu, tunasema hajui kutathmini.

Narudi kwenye kusahihisha, maana kuna jambo linatudanganya. Wasahihishaji wawili, majibu 20, kila mmoja anaamua "ametathmini" au "hakutathmini". Wamekubaliana kwenye 16. Watu wanapongezana: asilimia 80! Subirini. Kila mmoja amewapitisha 16 kati ya 20, yaani 0.8. Hata wangeamua kwa kufumba macho kwa uwiano huo, wangekubaliana 0.8 × 0.8 + 0.2 × 0.2 = 0.68. Kappa ya Cohen, kipimo cha makubaliano baada ya kutoa yale ya bahati, ni (0.80 − 0.68) ÷ (1 − 0.68) = 0.375. Hicho ni kidogo mno. Kwenye watoto wanne waliokataliwa na kila msahihishaji, wanaokutana ni wawili tu.

Kaeni pamoja, someni majibu yale manne mliyotofautiana, andikeni sababu, rekebisheni mwongozo, chukueni majibu 20 mengine. Si yaleyale, hayo mmeshayakumbuka.

#15 Karafuu_Kavu
Mmenikumbusha. Kauli ya Maalim kwamba swali likizoeleka linakuwa shairi ina tiba moja: fundisha kwa karafuu, tahini kwa mwani, au kinyume chake. Wazo ni moja, nguo ni nyengine. Ukifundisha "kitu gani chengine kimebadilika?" kwa mfano wa mwani halafu ukauliza mwani, umepima kumbukumbu.

Hili la kwetu Pemba, kwa vidato vya juu:

*Karafuu mbichi kilo 3 hutoa kama kilo 1 kavu. Mnunuzi anashuku gunia halijakauka. Mtaalamu amepima gramu 10.00, akaziweka kwenye oveni nyuzi 105 mpaka uzito ukatulia, zikabaki 8.10. Akasema: "Maji ni asilimia 19." Tathmini kauli hiyo.*

Mtoto wa hesabu anasema sahihi, 1.90 ÷ 10 ni 19%. Mtoto wa kemia anajiuliza: kilichotoka ni maji peke yake? Karafuu ina mafuta mengi, yujinoli ndani yake, na ile harufu inayojaa chumba oveni ikiwaka ndiyo jibu. Sehemu ya zile gramu 1.90 ni mafuta. Kwa hiyo maji ni chini ya 19%, na mkulima anaweza kukatwa bei bila haki. Ndiyo maana viungo vyenye mafuta mepesi hupimwa maji kwa kuyachemsha pamoja na toluini (kimiminika kisichochanganyika na maji) na kuyakusanya kwenye mrija wenye vipimo, usome maji yenyewe.

Hapa maarifa yako mikononi mwao tangu utotoni. Kila mtoto wa Pemba amenusa karafuu kwenye jamvi. Hakuna aliyewaambia kwamba pua zao ni ushahidi.

#16 Bureti50
#15 hilo swali ni zuri mno. Naliiba.

#17 Msitu_wa_Ngezi
Mkitaka tathmini safi, chukueni kima punju wa Jozani. Wanakula mkaa, hilo limeonekana na kuandikwa. Maelezo yanayotolewa ni kwamba majani ya mikungu na miembe wanayokula yana fenoli, kemikali zinazodhaniwa kuwa sumu kwao, na mkaa huzinasa. Mpe mtoto sentensi nne zimechanganywa: zipi ni kilichoonekana, zipi ni maelezo, zipi ni utabiri unaoweza kujaribiwa? Watoto wengi wanaandika "mkaa huondoa sumu" kwenye safu ya kilichoonekana. Hakuna aliyeona sumu ikiondoka. Kisha waombe utabiri mmoja ambao, ukishindwa, maelezo yanatikisika: kwa mfano, kima wanaokula majani yenye fenoli chache wangetarajiwa kula mkaa mchache.

Na Pemba tunao pia, waambieni watoto wetu wasione ni mambo ya Unguja.

#18 NdimuNaChumvi
Sheikh, Pemba wapo kwa kuletwa. Kima punju asili yake ni Unguja. Waliopo Ngezi walihamishiwa na watu miaka ya 1970. Wa kwetu wenyewe ni popo wa Pemba. Kwenye swali la mtihani tofauti hiyo ni kubwa, mtoto akiulizwa kuhusu mgawanyiko wa spishi visiwani.

#19 Msitu_wa_Ngezi
Kweli kabisa, shukran. Walihamishiwa.

#20 PenduloMoja
Jambo moja halijatajwa. Swali jipya lijaribiwe kabla ya kuhukumu watoto. Watoto 60: wapange kwa alama zao za mtihani mzima, chukua 27% ya juu na 27% ya chini, yaani 16 na 16. Waliopata swali juu ni 12, chini ni 4: (12 − 4) ÷ 16 = 0.5, swali linatenganisha vizuri. Ukipata kama 0, angalia kwanza: wote wamepata au wote wamekosa? Ukipata hasi, yaani wa chini wanawashinda wa juu, usiwalaumu watoto, fungua mwongozo. Mara nyingi wa juu wameona jambo ambalo mtungaji hakuliona.

Maswali ya tathmini ndiyo yanayotoa hasi, kwa ile sababu ya #4: mwenye "inawezekana, ila" anakatwa.

#21 BintiKonde
Angalieni tu kwamba mtihani mzima ukiwa wa kukariri, "wa juu" wako ni wakariri hodari. Swali la kutathmini litaonekana halitenganishi, kumbe linapima kitu ambacho mtihani wako mwengine wote haupimi. Ukilitupa kwa sababu hiyo umelitupa lililokuwa zima.

#22 Maalim_Ubao
Nimesoma yote, Mwenyezi Mungu awajaze kheri. Mpaka sasa nahesabu sababu nne zinagombana: maswali yamezoeleka, lugha, maabara ya kuigiza, na mwongozo wa kusahihisha unaolipa bahati. Sauti_ya_Mkoani hajanishawishi kwamba ya kwake ndiyo mama wa zote, wala PenduloMoja hajanishawishi kwamba siyo. Lile jaribio la vikaratasi 40 na makundi matatu, tulifanye kwa swali la #3 lililosahihishwa. Makundi ya 13, 13 na 14.

#23 Sauti_ya_Mkoani
Nipo tayari. Ila makundi ya 13 ni madogo, tofauti ya mtoto mmoja mzuri itayumbisha wastani. Tuunganishe skuli tatu, kila moja ipige kura yake, na wasahihishaji wasijue jibu ni la skuli gani.

#24 KalamuNyekundu
Lugha ya jibu wataiona tu, hilo huwezi kulificha. Labda mtu mmoja atafsiri yote kwenda lugha moja kwanza, na hapo mtafsiri ndiye atakayekuwa anawasaidia watoto kufikiri bila kujua.

#25 Sauti_ya_Mkoani
Hilo sikuliwaza. Mtafsiri apewe amri ya kuacha sentensi iliyovunjika ibaki imevunjika?

#26 Bureti50
Karafuu_Kavu, nalitayarisha lile la karafuu liwe la maabara kweli. Oveni ninayo, toluini sina na sitaki mvuke wake kwenye chumba kisicho na feni ya kutolea hewa. Nitaonesha upande wa oveni tu, vipimo kila baada ya dakika 30. Tatizo: nikijaribu, uzito unashuka halafu unaendelea kushuka kidogo kidogo, hautulii. Na mizani ikipokea sahani tu baada ya kutoka inacheza.

#27 Karafuu_Kavu
Kutotulia ni mafuta yanayoendelea kutoka. Usiyafiche, wachore grafu ya uzito dhidi ya muda: mteremko mkali mwanzo, kisha mkia mrefu mlegevu. Waulize mkia ni nini.

Mizani kucheza ni joto. Sahani ya moto inainua hewa juu yake na mizani inasoma pungufu. Iweke kwenye desiketa (chombo cha kufunga chenye kikaushio ndani) mpaka ipoe, dakika 20 hadi 30, mfuniko umefungwa, ndipo upime. Ukiiacha ipoe mezani siku ya masika itafyonza unyevu wa hewa na kurudi juu. Desiketa ikikosekana, chupa ya mdomo mpana yenye kifuniko cha kubana na silika jeli chini inatosha. Kama silika jeli ni ya kubadilika rangi na imeshabadilika, ikaushe kwanza kwenye oveni hiyohiyo, kabla hujaingiza karafuu.